Ukoko kwenye pasi ya nywele: uloweshe, usiukwangue

Pasi ya nywele iliyoshika ukoko hujitangaza yenyewe. Badala ya kuteleza, inakwama katikati ya fungu la nywele na kuvuta. Harufu ya mafuta yaliyoungua inasikika hata kabla haijagusa kichwa. Chembe za kahawia zinabaki kwenye ncha za nywele, na kama nywele ni za mvi au zimewekwa blichi, zinaweza kuondoka na doa la manjano. Watu wengi hapo hupandisha joto, na ndipo mambo yanapoharibika: joto likipanda, ukoko unazidi kuungua na kuwa mgumu, na nywele hazipati moto ulio sawa, kwa sababu sehemu ya bamba iliyofunikwa na uchafu inapitisha joto polepole kuliko sehemu tupu iliyo kando yake.

Dawa yake ni ile ya sufuria iliyoungulia: lowesha, subiri, futa. Anayekimbilia kisu au waya wa kusugulia sufuria atautoa ukoko, lakini atautoa pamoja na utando wa bamba, na utando ukishatoka haurudi.

Ukoko umetokana na nini

Si uchafu wa aina moja, ndiyo maana kitu kimoja hakiutoi wote. Mafuta ya mimea yakipashwa mara kwa mara kwa nyuzi joto 180 hadi 230 za Selsiasi hugeuka gundi, kisha gamba gumu la rangi ya asali au kahawia, sawasawa na lile linaloonekana nje ya kikaango cha siku nyingi. Yakiwa bado gundi, sabuni ya kuoshea vyombo inayaondoa. Yakishakuwa gamba, sabuni peke yake itakuchosha bure.

Seramu za kung'arisha nyingi zina silikoni. Hizi haziyeyuki kwa maji, huacha utelezi unaonata, na sabuni ya kukata mafuta ndiyo inayozing'oa, mara nyingi kwa kufuta mara mbili au tatu. Sprei ya kushikisha nywele ni habari nyingine: ndani yake kuna utomvu wa viwandani uliochanganywa na alkoholi, kwa hiyo spiriti huurudisha kwenye umajimaji ndani ya dakika chache. Jeli nazo zikikauka hulainika kwa maji ya vuguvugu, mradi hazijaungua. Dawa za keratini za kunyoosha nywele, zinazobanwa na pasi kwa joto kali fungu baada ya fungu, huacha tabaka zito kuliko zote, na tabaka hilo lisipofutwa siku ile ile huwa kazi ya siku tatu baadaye.

Juu ya gundi hizo hukaa vumbi, ngozi kavu ya kichwa na vipande vifupi vya nywele zilizokatika. Hivyo ndivyo vinavyoufanya ukoko uwe na mikwaruzo unapoupapasa.

Kwanza hakikisha ni ukoko kweli

Pasi nyingi husuguliwa hadi kufa kwa kosa ambalo si lake: mwenye nayo anaona doa na kudhani ni uchafu, kumbe ni utando ulioisha. Shika pasi ikiwa baridi, ipeleke karibu na dirisha, iinamishe ili mwanga upite juu ya bamba kwa pembeni. Kisha pitisha ukucha taratibu kwenye doa. Ukucha ukipanda, hapo pana ukoko. Ukishuka, au ukikutana na rangi ya fedha inayong'aa chini ya rangi nyeusi au nyeupe ya bamba, utando umechubuka na chini yake pana chuma tupu, mara nyingi alumini. Doa hilo halisafishiki. Pasi ya namna hiyo itaendelea kukwaruza nywele hata ikiwa safi kama sahani mpya, na heri kuiachia kazi nyingine.

Mabamba meusi yanaficha sana. Hayo yapimwe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: futa mara moja ukibonyeza kidogo, uone kilichobaki kwenye kitambaa.

Fahamu pia bamba lako ni la aina gani. Bamba linaloandikwa kuwa la kauri, au la kauri na tumalini (aina ya madini), kwa kawaida ni alumini iliyopakwa utando mwembamba. Hilo ndilo dhaifu. Kauri kamili ni ngumu zaidi, lakini inaweza kupasuka ikiangushwa au ikimwagiwa maji ya baridi ikiwa moto. Titaniamu huvumilia kufutwa sana, ila nayo ikipata mikwaruzo huanza kuvuta nywele. Kama hujui ulilonalo, lichukulie kuwa ni utando mwembamba.

Vitu vya kuandaa

- Vitambaa viwili vya pamba au maikrofaiba, vyeupe au vya rangi isiyochuja
- Pamba bapa za kufutia uso, nne hadi sita
- Vijiti vya pamba vya masikio, kama kumi
- Vijiti vya mbao vya kuchokolea meno
- Mswaki wa zamani wenye nywele laini
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Spiriti ya asilimia 70 au zaidi
- Soda ya kuokea keki, vijiko viwili vya chai

Neno juu ya spiriti. Baadhi ya spiriti za dukani za kusafishia ngozi huwekwa mafuta ya nyonyo na harufu, ili zisiikaushe ngozi. Zinayeyusha ukoko vizuri tu, lakini huacha ukungu wa mafuta kwenye bamba, kwa hiyo lazima zifuatwe na kitambaa cha sabuni kisha cha maji. Vitakasa mikono vya jeli ni vibaya zaidi: alkoholi inaruka, glisirini na jeli vinabaki, na ukiiwasha pasi vinaungua palepale. Vitumie pale tu pasipo na namna nyingine.

Soda nayo, hakikisha ni ile ya kuokea keki. Si kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo inakula alumini na ngozi ya mikono. Wala si unga wa kuumulia keki uliochanganywa tayari, kwa kuwa huo una wanga ndani yake na wanga ukipata joto unaganda.

Joto la pasi unapoisafisha

Makosa mengi yako hapa. Maji na sabuni hufanya kazi vizuri pasi ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu gundi ya mafuta hulainika. Spiriti inataka pasi iliyopoa kabisa na kuchomolewa. Mvuke wake unashika moto kwa urahisi, hata katika joto la kawaida la chumba, na juu ya bamba la moto unajaa hewani kwa kasi. Isitoshe, ikipata joto inaruka kabla haijayeyusha chochote, kwa hiyo hata kazi yenyewe haifanyiki. Usiitumie karibu na jiko, mshumaa wala sigara, na fungua dirisha.

Kupata uvuguvugu: washa pasi kwenye joto lake la chini kabisa kwa dakika moja, zima, chomoa plagi, kisha ngoja. Gusisha ncha ya kitambaa chenye maji kwenye bamba. Ikitoa sauti ya kuchemka, bado ni zaidi ya nyuzi 100. Ikinyamaza, ngoja dakika tano nyingine, sogeza mgongo wa mkono karibu, halafu jaribu kidole. Kidole kikiweza kutulia hapo kwa sekunde tano bila kukimbia, anza kazi. Pasi iliyokuwa kwenye joto la juu inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kufika hapo, na kuiharakisha kwa kuimwagia maji ni kuiua.

Hatua kwa hatua

1. *Futa kikavu.* Kwa mswaki mkavu ondoa nywele na vumbi kwenye mabamba na kwenye bawaba. Ukianza na maji, vumbi hili linakuwa tope na kuingia ndani ya mianya.

2. *Sabuni.* Weka matone mawili au matatu ya sabuni kwenye robo kikombe cha maji ya vuguvugu. Chovya kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha futa bamba kwa urefu, kutoka kwenye bawaba kwenda kwenye ncha. Pasi ishikwe ncha ikitazama chini, ili unyevu usirudi kwenye mkono wa pasi kulikokaa vitufe na nyaya. Rudia kwa upande safi wa kitambaa hadi kitambaa kisipate rangi tena. Kwa pasi inayofutwa mara kwa mara, kazi inaweza kuishia hapa.

3. *Spiriti, kwa kulaza.* Acha pasi ipoe kabisa. Lowesha pamba bapa mbili au tatu, zikamue, zipange juu ya bamba la chini na ulifunge bamba la juu juu yake. Pasi yenye kufuli ifunge. Isiyo nayo izungushie mpira wa kubania nywele. Iache imelala bapa kwa dakika 10. Wengi huifuta spiriti mara tu wanapoipaka na kusema haifai, ilhali haikupewa nafasi ya kupenya. Fungua, futa, tazama. Kama pamba zimetoka na rangi ya chai, rudia kwa pamba mpya. Mara tatu zinatosha. Kikibaki kitu baada ya hapo, si kitu cha spiriti.

4. *Uji wa soda, kwa gamba lililobaki.* Vijiko viwili vya chai vya soda kwa nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha maji, upate uji mzito wa kupakika, usiotiririka. Paka kwa kidole juu ya madoa tu, ukiacha nafasi ya milimita kadhaa kutoka ukingoni ili soda isiingie kwenye mwanya. Subiri dakika 10 hadi 15. Ukianza kukauka, gusa kwa maji kidogo. Halafu zungusha kidole chako, au kitambaa chenye unyevu, kwa miduara midogo, bila kubonyeza zaidi ya unavyobonyeza kupaka krimu usoni. Soda ni laini kuliko kauri, lakini chembe zake zikisukumwa kwa nguvu na vumbi likiwa kati, zinachora.

5. *Ondoa soda yote.* Hatua hii hurukwa sana. Soda iliyobaki huonekana kama vumbi jeupe pasi ikikauka, na huifanya ikwaruze. Zaidi ya hapo, ikikaa muda mrefu juu ya alumini iliyochubuka huifanya ififie na kubadilika rangi. Futa kwa kitambaa chenye maji angalau mara tatu, ukisuuza kitambaa kila mara.

6. *Maliza kwa kitambaa kikavu,* uiache pasi wazi.

Kama gamba bado lipo, usipandishe nguvu. Rudia hatua ya tatu na ya nne kesho yake. Ukoko wa mwaka mzima unaweza kuhitaji mizunguko mitatu, na kila mzunguko utautoa kwa tabaka. Zipo pia jeli maalumu za kusafishia pasi za nywele. Baadhi hupakwa pasi ikiwa na joto kiasi, hivyo fuata maandishi ya chupa yenyewe wala usizichanganye na spiriti.

Mwanya wa pembeni ya bamba

Kati ya bamba na gamba la plastiki kuna mwanya mwembamba, na humo hujikusanya gundi nyeusi ambayo ndiyo inayotoa moshi wa kila siku hata bamba likiwa linang'aa. Kwenye pasi zenye mabamba yanayobonyea, chini yake kuna springi au vipira, na gundi ikijaa bamba linashindwa kurudi mahali pake. Matokeo yake mabamba hayakutani sawasawa, na fungu la nywele linanyooka upande mmoja tu.

Tumia kijiti cha mbao kikavu kwanza, ukikilaza na kukokota gundi kuelekea nje. Usikisimamishe wima na kuchoma kwa ndani, kwa sababu unasukuma uchafu kwenye sehemu ya kupashia joto. Baada yake pitisha kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti na kukamuliwa kwenye ukingo wa chupa. Kijiti kimoja kwa kila upande. Kikichafuka kitupe, usikirudishe kwenye chupa. Bonyeza bamba kwa kidole upande mmoja na mwingine: likibonyea na kurudi bila kukwama, mwanya umefunguka.

Pini, sindano na wembe visikaribie hapo. Karibu kabisa na bamba kuna kipima joto na nyaya zake.

Nywele bandia zilizoyeyukia kwenye bamba

Hii ni plastiki, na soda peke yake haina ubavu nayo. Pasha pasi kwenye joto la chini kwa dakika moja hadi mbili, zima na uchomoe. Plastiki ikiwa imelainika lakini haitiririki, isukume kwa ubapa wa kijiti cha mbao au kijiko cha mbao, ukivaa glavu nene au ukishika kwa kitambaa kilichokunjwa. Itatoka kama utepe. Ikipoa kabla hujamaliza itakuwa kavu na kung'ang'ania tena, hivyo pasha upya badala ya kukwangua. Fanya karibu na dirisha lililo wazi, maana moshi wa plastiki haufai kuvutwa. Mabaki membamba ya mwisho yatoke kwa uji wa soda pasi ikishapoa.

Na chanzo chake: nywele bandia huja na kiwango cha joto kwenye lebo, na zisizoandikwa kuwa zinavumilia joto zisiguswe na pasi kabisa.

Mbinu zinazosifiwa ambazo hazifai

Siki na soda kwa pamoja. Povu linavutia macho, lakini ni asidi na besi zikimalizana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi, dhaifu kuliko kila kimoja peke yake. Povu lenyewe nalo linatafuta mianya.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia na vitu vya utamu na kunata. Inang'arisha kwa kuchuna, na mabaki yake yakipashwa moto yanakuwa ukoko mpya. Asetoni na vitoa rangi ya kucha vinayeyusha plastiki nyingi pamoja na maandishi ya vitufe. Tone moja likiteleza kutoka kwenye bamba linatosha kuacha alama ya kudumu. Dawa nyingi za kusafishia oveni zina kostiki. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini huharibu chuma. Sponji nyeupe za kufutia kuta zinaonekana laini kama mkate lakini kazi yake ni ya msasa mwembamba.

Kuna pia desturi ya kubana kitambaa kibichi kati ya mabamba ya moto ili mvuke ufanye kazi. Mvuke unatoka kweli, na unapanda moja kwa moja kwenye vidole.

Pasi zenye matundu ya mvuke

Usipake uji wa soda juu ya matundu. Futa kwa sabuni na kijiti cha pamba, na tundu lililoziba lizibuliwe kwa kijiti cha mbao kikavu. Ukungu mweupe kuzunguka matundu ni chumvi za maji. Kwenye tangi tia maji yaliyochujwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri au ya maabara, yasiyotiwa asidi. Siki isitiwe kwenye tangi isipokuwa kitabu cha pasi yenyewe kinaruhusu.

Kukausha na kuwasha tena

Baada ya usafi wa kawaida, acha pasi wazi kwa saa moja kabla ya kugusa soketi. Ukishuku kwamba maji yameingia kwenye mwanya, iache siku nzima mahali penye hewa, mabamba yakitazama chini. Usiikaushe kwa kuiwasha.

Kabla ya kuchomeka, kagua waya unapoingia kwenye mkono wa pasi, kwani hapo ndipo hupinda na kukatika. Gamba la waya likiwa limepasuka, ipelekwe kwa fundi au iachwe. Kisha washa joto la chini kwa dakika tano, pasi ikiwa juu ya kitu kisichoungua. Harufu nyepesi inayoisha yenyewe ni ya mabaki madogo. Moshi unaoendelea maana yake kuna gundi iliyobaki mwanyani: zima, ipoe, rudi kwenye vijiti. Harufu ya plastiki au waya, au swichi kuu ya nyumba ikijizima, hiyo si habari ya usafi tena. Chomoa na usijaribu mara ya pili.

Mwisho, zima, ngoja ipoe na ufute kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheupe, umemaliza. Kabla ya kuitumia kichwani ipitishe kwanza kwenye fungu moja la nywele za nyuma, chini, pasipoonekana.

Isirudie hali ile

Ukoko mwingi hutokana na mpangilio wa kazi kuliko ubaya wa bidhaa. Kinga ya joto, yaani sprei au krimu ya kulinda nywele dhidi ya moto wa pasi, ipakwe kwenye nywele mbichi au zenye unyevu, ichanwe ienee, kisha nywele zikaushwe kabisa ndipo pasi ipite. Nywele zikitoa sauti ya kukaanga, bado zina maji, na maji hayo yanazichoma kwa ndani huku yakibandika dawa kwenye bamba. Mafuta ya kung'arisha na sprei ya kushikisha vije baada ya pasi. Ukihitaji mafuta kabla, tone moja lililosuguliwa viganjani linatosha kichwa kizima.

Anayetumia pasi kila siku aifute kwa kitambaa chenye unyevu kila inapofika uvuguvugu, kazi ya nusu dakika, na afanye spiriti mara moja kwa wiki. Anayeitumia mara mbili kwa mwezi, spiriti mara moja kwa mwezi inatosha. Saluni ni hesabu nyingine: spiriti ya asilimia 70 baina ya mteja na mteja, pasi ikiwa imepoa, jambo linalomaanisha kuwa na pasi mbili zinazopokezana. Siku ya keratini, pasi isafishwe kabla haijawekwa kabatini.

Ukiihifadhi, waya ukunjwe kwa mzunguko mpana pembeni, usiuzungushe kwenye mabamba yenye joto.